Kamera ya Kona kwa Bibi Ngatijah

Paryono fundi kamera ni mtu wa mtaa wetu wa Sendangwuni, nyumba ya tatu kutoka kisimani, na nikisema ni mtu mwema sisemi kwa kumpamba. Ana ulimi mwepesi, ana mizaha, akipanda ngazi anaimba vibaya. Lakini tangu mwaka juzi kuna jambo linamla, na watu wakimwuliza huzungumzia bei ya waya; mimi tu ndiye aliyekuja kunieleza. Majuto ni mjukuu, wanasema, na Paryono mjukuu wake amempata mapema, bado hajafika hata miaka hamsini.

Baba yake alikufa yeye angali anatambaa. Mama akaenda Malaysia kulea watoto wa watu ili wa kwake apate kula, na wa kwake akabaki kwa jirani, Bibi Ngatijah, mjane aliyekuwa akiuza sokoni tempe, vipande vya soya iliyochachushwa. Siku hizo hakuwa bibi. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mikono minene na sauti ya kufika ng'ambo ya mashamba ya mpunga. Miaka sita alimlisha Paryono, akamwogesha, akamchapa alipoiba mapera, akambeba mgongoni hadi zahanati alipougua homa ya mbu. Paryono hakuwahi kumwita mama, kwa sababu mama yake alikuwa hai na alikuwa akituma barua. Lakini siku ya Idi, mtu wa kwanza kupigiwa magoti na kuombwa radhi alikuwa Bibi Ngatijah, na hata mama mzazi aliporudi hakuthubutu kuigeuza desturi hiyo.

Akakua, akajifunza kutengeneza televisheni. Televisheni zilipokuwa za kutupa badala ya kutengenezwa, akahamia kamera za ulinzi, na huko mkono wake ukakubali. Anajua kamera isitazame jua la magharibi, isifungwe mahali buibui hutanda utando, isiwekwe mahali mwizi anaweza kuigeuza kwa ufagio. Madukani mjini wanamgombania.

Sasa, mtaa wetu ulikuwa na lindo tangu enzi za babu zetu. Kila nyumba hutundika kopo mbele, kopo la maziwa tu, na kila jioni mwenye nyumba hutia humo konzi moja ya mchele. Usiku wanaume wa zamu hupita nyumba hadi nyumba wakimimina mchele ule kwenye mfuko mmoja, na mwisho wa mwezi unauzwa, taa za njiani zinatengenezwa, mgonjwa anapelekewa chochote. Mchele wenyewe si kitu. La maana ni kwamba kopo likikutwa tupu, watu wa zamu hawapiti hivi hivi. Wanagonga. Nani anaumwa humo? Nani amesafiri bila kuaga? Mzee Wongso alipoanguka chooni miaka ile aliokolewa na kopo, na kila mtu anakijua kisa hicho.

Lakini tuseme kweli, lindo lilikuwa limelegea. Wanaume walikaa kibandani wakicheza domino, mchele wakaukusanya kwa kupokezana usingizi, na ndani ya mwezi mmoja wezi wakachukua ndege watano wa kuimba pamoja na matundu yao. Wa mwisho alikuwa wa Mzee Gunadi, mwenyekiti wetu wa mtaa, ndege aliyeshinda mashindano mara tatu. Mzee Gunadi alilia. Mbele yetu, bila haya, alilia.

Mkutano ukaitishwa, na Paryono ndiye aliyesimama. Alisema ataleta kamera nane kwa bei aliyonunulia yeye na ufundi atatoa bure, kwa kuwa ni kwao. Picha, kila mwenye simu ataziona. Lindo la nini tena? Watu wakalale na wake zao. Hapo pakachekwa, na mkutano ukawa wake. Mzee Wongso peke yake ndiye aliyepinga. Alisema usiache mbachao kwa msala upitao. Paryono akamjibu kwa adabu kwamba mbachao wenyewe umeshatoboka, ndege wanapenya. Pakachekwa tena. Basi lindo likafa hapo hapo, na makopo yakafa nalo. Nilikuwepo, na mimi nilinyoosha mkono.

Alifunga kamera kwa siku tatu. Ya nne ilikwenda kwenye ukingo wa paa la Bibi Ngatijah, kwa sababu nyumba yake iko konani, njia mbili zinakutana pale, na mwizi hawezi kukwepa. Bibi alimkaangia muhogo, akamletea chai ya asumini yenye sukari ya kuumiza meno, akasimama chini ya ngazi akiishika, ingawa mikono ile minene ilikuwa imekwisha kuwa vijiti. Mwanawe wa pekee, Wiji, anafanya kazi kiwandani Batam. Bibi alikuwa akiishi peke yake na kuku saba.

Akauliza, "Mwanangu, na mimi hilo linaniona?"

"Linakuona, Bibi. Ukitoka hujavaa meno nitajua."

Bibi akaziba mdomo akicheka. "Hata ukiwa mbali?"

"Hata nikiwa Semarang. Nikifungua simu tu, nakuona."

Alisema kama mtu anavyosema akiwa na skrubu mdomoni. Bibi alisikia kama mtu anavyosikia ahadi.

Makopo yaliteremshwa mtaa mzima isipokuwa lile la Bibi. Kila jioni baada ya magharibi alitoka na konzi yake, akaitia, akasimama kidogo, akaingia. Asubuhi mchele huo huo akawamwagia kuku. Paryono alimwambia mara mbili kwamba mambo yale yamekwisha, na Bibi akajibu kwamba anajua, ila mkono umezoea. Mara ya tatu hakumwambia. Kwetu mkubwa hasahihishwi mara tatu.

Tatizo likawa kengele. Kamera zile zikiona mtu gizani hupiga kelele kwenye simu za watu, na kila Bibi alipotoka na mchele wake, simu kumi na mbili zikalia kwa pamoja. Watu wakaanza kunung'unika kwenye kundi la mtaa. Mmoja akaandika kwamba mwizi mwenyewe ana miaka sabini na tisa na anaiba mchele wake. Paryono akacheka na wenzake, kisha akafungua mpangilio wa kamera ya nne na kuuchora upya mstari wa mahali pa kulindwa. Njia ikabaki ndani ya mstari. Kibaraza cha Bibi kikawa nje. Kengele zikanyamaza, na watu wakamtumia vidole gumba.

Hata hivyo kibaraza kilibaki ukingoni mwa picha, na Paryono alikuwa na mazoea yake. Jioni, akishakula, aliziangalia picha zote nane, moja moja, na akifika ya nne alingoja mpaka Bibi atoke. Mkewe, Lestari, anasema alikuwa akitabasamu. Huku kumwendea alikuwa amepunguza. Zamani alikuwa akipita kila baada ya siku mbili, lakini mtu unayemwona kila jioni utamwendea kufanya nini? Ndivyo alivyojiambia, na mimi sitamcheka, kwa maana nina mama mkwe na ninaye simuni vivyo hivyo.

Jumanne moja Bibi hakutoka.

Paryono aliona. Hapa nataka tuelewane, kwa sababu watu huko nje wanasema kamera iliharibika, au mtandao ulikatika, au fundi alikuwa safarini. Kamera ilikuwa nzima, mtandao ulikuwa mzuri, na fundi alikuwa kitini kwake. Aliliona kopo, aliuona mlango umefungwa, akangoja, akaangalia saa. Na kilichomjia moyoni hakikuwa hofu. Kilikuwa nafuu. Alimwambia Lestari, "Afadhali. Bibi ameelewa."

Lestari akamwuliza kama ana hakika. Akasema mzee yule ni mkaidi ila si mjinga, ameshaona hakuna anayekuja kuuchukua mchele, ameacha. Jumatano Bibi hakutoka tena, na Paryono akaona maneno yake yametimia. Hata alifurahi kwamba hakumwaibisha mkubwa kwa kumwambia mara ya tatu, ameacha kwa hiari yake. Laiti lindo lingekuwepo! Walevi wa domino wale wale, wavivu wale wale, wangelikuta kopo tupu na wangegonga mlango Jumanne ile ile. Lakini lindo tulishalizika, na aliyeshika jembe ndiye aliyekuwa akitazama simu.

Alhamisi asubuhi mwuza mboga alipita, akasikia kuku wanapiga kelele za njaa, akaingia kwa nyuma. Bibi Ngatijah alikuwa sakafuni kati ya jiko na bafu, nyonga imevunjika, midomo imepasuka kwa kiu, akiwa hai. Alikuwa ameanguka Jumanne mchana.

Paryono alifika kabla ya gari la wagonjwa. Alimnyanyua yeye mwenyewe, na alisema baadaye kwamba uzito aliousikia haukuwa wa mtu. Mtaani hakuna aliyemlaumu. Jirani wa kulia alikuwa kwenye harusi ya binamu yake, wa kushoto alidhani Bibi ana mgeni, na mwenyekiti, masikini, alisimama mbele ya kamera ya nne akiitazama kama anataka kuiuliza swali. Kila mmoja alimpa Paryono pole. Aliyejua siku hizo alikuwa Lestari peke yake, naye alimpikia tu na kumwekea sahani mbele.

Hospitalini alikwenda kila siku. Madaktari walisema mapafu yamejaa maji, mfupa usubiri kwanza. Wiji akafika kutoka Batam na mkoba mmoja. Siku ya saba Bibi akapata nguvu kidogo, Wiji akatoka kutafuta uji, na Paryono akajikaza. Alikuwa amejiandaa njia nzima kwenye pikipiki. Angesema: niliona, Bibi, nikadhani umeacha. Angesema, halafu angepiga magoti kama siku ya Idi, na Bibi angemsamehe au asingemsamehe.

Bibi ndiye aliyeanza.

"Sikuogopa," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, Paryono ikabidi ainame. "Pale chini sikuogopa sana. Nilijua unaniona. Jioni ilipoingia nikasema, sasa hivi Yono anafungua simu, ataona sijatoka, atakuja. Nikawa nasikiliza pikipiki yako."

Paryono akaivuta shuka, akamfunika mabega.

"Pikipiki zilipita nyingi. Yako naijua, ina kikohozi." Akapumzika kidogo. "Siku ya pili nikasema, labda ana kazi nyingi mjini, hajapata hata nafasi ya kushika simu. Ulikuwa na kazi nyingi, si ndiyo?"

Tazama jinsi mtu anavyonunuliwa mlango wa kutokea, na aliyelipia ni yule yule aliyelala sakafuni siku mbili. Mwanamke yule hakutaka kumwona mtoto wake akiona haya. Huenda alijua. Mimi naamini alijua. Paryono anasema hapana, hakujua, alikuwa akiuliza tu, na hilo kwake ni baya zaidi. Tumebishana mimi na yeye mara nyingi na hatujafika popote.

"Ndiyo, Bibi," alisema. "Kazi zilikuwa nyingi sana."

"Nilijua," Bibi akasema, akampapasa mkono. "Nilimwambia Wiji. Mtoto yule angekuwa na nafasi, angekuja."

Wiji akarudi na uji. Bibi alikunywa vijiko vitatu, akasema inatosha. Akafariki siku ya tisa, alfajiri, mapafu yakiwa yamemshinda.

Tulimzika siku hiyo hiyo kabla ya adhuhuri, na Paryono aliingia kaburini kumpokea, kama mtoto wa kiume anavyofanya. Usiku wa saba wa dua nyumba ilijaa mpaka watu wakakaa njiani juu ya mikeka. Wali ukagawiwa, chai ikapita. Wiji akasimama, mtoto wa pekee, akawashukuru wote. Kisha akamtaja Paryono kwa jina. Alisema mama yake ameondoka moyo wake ukiwa mweupe, kwa sababu mpaka mwisho alijua kuna mtu anamwangalia, na kwamba Kaka Paryono asijilaumu kwa kuwa alikuwa kazini, riziki ya watoto haingoji. Watu wakaitikia amina. Mzee Wongso mwenyewe aliitikia.

Paryono akainamisha kichwa, akaweka mkono kifuani, akapokea shukrani zile. Jumanne na Jumatano, jioni zote mbili, alikuwa nyumbani, miguu juu ya kiti, simu mkononi.