Nilivyounywesha Mwasmini Sukari

Niliunywesha mti maji ya sukari. Afadhali niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa jirani, maana yeye akisimulia huongeza na pilipili. Vijiko viwili kila asubuhi, kwa wiki mbili, na nikivikoroga vizuri kama chai ya mgeni.

Mti wenyewe ni mwasmini ulio katika debe, alioupanda marehemu mume wangu. Ulikuwa barazani, mlangoni petu hapa Mji wa Kale, na kila jioni alikuwa akichuma asmini kiganja kimoja na kuniwekea juu ya mto wa kulalia. Alipofariki nikaingia eda, miezi minne na siku kumi. Sikuweza kushuka barazani kuutia maji, na mbuzi wa mtaa huu hawajui msiba wa mtu, nikaomba upandishwe chumbani. Madirisha nilikuwa nimeyafunga. Mwanga wetu ulikuwa ule wa kupenya kwenye nyufa za mbao.

Eda ikaisha. Watu wakaja, nikaoga, nikavaa leso mpya, wakala, wakaenda zao. Nami nikarudi chumbani. Kesho nitatoka, nikasema. Kesho jua kali. Kesho kutwa miguu yauma. Mimi hata kabla ya msiba, kwenda Ganjoni tu, mtaa wa karibu, kwangu kulitaka ushauri wa siku tatu. Lakini hii ilikuwa nyingine. Kila nikishika komeo, mkono uligoma.

Majani yakawa manjano. Hapo nikaikumbuka elimu yangu ya sekondari, yaani nusu yake: mti hujitengenezea sukari. Maskini, nikasema, na uchovu wote huu, acha niuletee iliyokwisha kutengenezwa. Waliofaidi ni sisimizi.

Nusu ya pili ilinijia majani yalipoanza kuanguka. Kidato cha tatu tulifundishwa kupima kama jani lina chakula. Nikachuma moja, nikalitia kidogo katika maji yanayochemka. Kisha nikazima jiko, nikalilaza jani ndani ya kikombe cha spiriti ya dawa, na kikombe ndani ya bakuli la maji ya moto, hata rangi yote ikatoka. Halafu matone ya aidini, ile dawa ya vidonda. Jani lenye wanga hugeuka buluu ya kukaribia weusi. Langu likabaki rangi ya chai kavu. Nikatia tone jingine, kama mtu amtikisaye maiti. Hapakuwa na kitu.

Mambo yenyewe ni haya. Mizizi huleta maji, na vitundu vya chini ya jani huvuta hewa ya kaboni, ile tunayoitoa sisi puani. Kijani cha jani hudaka mwanga, na kwa nguvu yake maji hupasuliwa: oksijeni huachiwa iende zake, haidrojeni huungana na ile hewa ya kaboni ikawa sukari. Inayobaki huwekwa akiba, ndiyo wanga. Kumbe miezi yote mti nimeupa maji, nimeupa na pumzi zangu, nikaunyima jua. Na sukari ya kumwagiwa mizizini haiwi chakula. Hufanya mizizi ishindwe kuvuta maji, mti ukazidi kiu. Nilikuwa nauua kwa huruma.

Akiba ilikuwa imekwisha. Na ukifa huu, sina kingine alichokigusa marehemu ambacho bado chaota.

Nikalikumbatia debe, nikashuka ngazi, nikafungua komeo kwa kiwiko. Saa ile jua huwa ng'ambo ya ujia, hatua nne tu, kwenye baraza ya jirani yangu, mama mtu mzima anayekaanga viazi vya kuuza. Nikafika kizingitini. Mguu ukakataa.

"Ehee!" akasema, mwiko mkononi. "Nyumba yaungua?"

"La, mama. Nauleta mti juani."

"Basi ulete."

"Naja."

"Waja na umesimama? Mwanangu, hata samaki chewa kwenye karai huenda mbio kuliko wewe, na yeye keshakufa."

Nikataka kucheka, nikalikaza debe kifuani. Debe lilikuwa zito, jani jingine likaniangukia kwenye kidole cha mguu. Akalitazama jani. Akanitazama mimi. Akajifuta unga mikononi, wala hakuinuka.

"Huo mti haukufiwa na mtu. Ulete huku juani, na wewe rudi ndani ukitaka."

Nikavuka kizingiti na debe langu, nikahesabu hatua: moja.