Mama Kimya Anadai Samahani Yake

"Hakijapotea, kimefichwa! Nilikwambia mapema, hukusikia. Masikio yako umeyaazima wapi?"

Hivyo ndivyo wifi yangu alivyomjibu mkuu wa maktaba, mchana kweupe, ukumbi umefurika wanafunzi. Kitabu chenyewe kilikuwa cha ukaguzi wa hesabu, nakala moja tu, na mtihani wa watu wa biashara ulikuwa unabisha hodi.

Mkuu akamnyooshea kidole. "Funguo unazo wewe. Kama hakipo, umekitoa wewe ukakiuza. Huo ni wizi, mama."

Shingo zote zikageuka. Mimi nilikuwa nafuta madirisha.

Mwizi? Huyu mjane wa kaka yangu? Aliingia kwenye maktaba ile ya tawi la chuo kikuu na ufagio kama wangu. Akazisoma namba za migongoni mwa vitabu huku akipangusa vumbi, hadi wakamkabidhi rafu azipange. Kwa kazi hiyo amelea wanawe, na wangu wamekula kwenye sufuria yake. Wanafunzi wanamwita Mama Kimya kwa kuwanyamazisha, ingawa mle ndani hakuna koo kubwa kuliko lake. Akisema "Kimya!" njiwa wa juu ya paa wanaruka.

Maktaba ni ya biashara na ualimu, biashara kushoto, ualimu kulia. Zamani ukimaliza kusoma uliacha kitabu mezani, Mama Kimya akakirudisha. Alipokuja mkuu huyu akabandika tangazo: kila msomaji arudishe mwenyewe, eti kupunguza gharama. Wifi alimfuata siku ileile.

"Mkuu, watavificha ili wenzao wasivipate."

"Hawa ni wasomi, mama," akacheka.

Wasomi! Fisi akivaa tai ndiyo umwachie bucha?

Sasa basi, alipokwisha kuitwa mwizi, wifi hakwenda chooni kulia. Alivua viatu. Akaenda upande wa ualimu, rafu ya chini kabisa, ya vitabu vya kufundishia chekechea, ambako hata vumbi hufika kwa kuchelewa. Akavibeba kwa mikono miwili, akavibwaga mezani, pu!

"Mama Kimya, tunasoma!" akalalamika kijana mmoja wa biashara, mwenye tai.

"Soma, mwanangu. Soma upesi, nakuja hapo kwako."

"Acha mara moja!" mkuu akafoka.

"Umeniita mwizi. Ngoja nikuonyeshe ninakoficha."

Nikatupa kitambaa, nikamsaidia. Nyuma ya vitabu vya chekechea, kimelala ubavu kama mgoni uvunguni, tukakikuta kitabu cha ukaguzi. Hakikuwa peke yake. Kodi, masoko, uhasibu, vyote vilikuwa mafichoni humo. Yule wa tai akaanza kukusanya kalamu zake taratibu.

"Unakwenda wapi, bwana harusi?" nikamuuliza. Akaketi.

Mkuu akalitazama lundo. "Mama, njoo ofisini," akasema kwa sauti ya chini. "Tunywe chai, tuyamalize."

"Chai ninayo kwangu. Umenivua nguo hapa, nivike hapahapa, mbele ya hawahawa."

Mkuu akageuka, akajifungia ofisini.

Neno lile la wizi lilitangulia kufika nyumbani. Kitindamimba wa wifi, anayesomea ualimu palepale, alimpokea mlangoni: "Mama, ni kweli ulikiuza?" Wifi hakula usiku ule. Mimi ningekwenda kumng'oa mkuu masharubu, ila hana.

Siku zilizofuata mkuu alizunguka kama paka aliyemwaga maziwa. Shikamoo zikawa nyingi. Wifi akaitikia marahaba, basi. Mkuu akabandua lile tangazo kwa mkono wake mwenyewe.

"Umeona? Nimeliondoa."

"Si tangazo lililoitwa mwizi."

Siku moja kabla ya mtihani, hapakuwa na kiti kitupu. Yule wa tai alikuwepo, na kitindamimba wa wifi pia. Mkuu akaja kaunta, akainama.

"Mama, nisamehe," akanong'ona.

"Sisikii."

"Humu maktaba hatupazi sauti, mama."

"Siku ile mbona ulipaza?"

Mkuu akakohoa. Akawageukia watu, masikio yamemwiva. "Mama huyu hakuiba kitu. Nilimsingizia. Mama, nisamehe!"

Wifi akamtazama mwanawe, kisha mkuu.

"Haya. Hunidai, sikudai."

Akaweka kidole mdomoni.

"Sasa kimya! Watu wanasoma."