Mkwe Wangu na Kuhani wa Misri

Wakati wa Wabelgiji nilikuwa katekista kijana katika kijiji kimoja, kwenye barabara ya Kasongo kwenda Kabambare, na nilitaka kuoa. Msichana alikuwa amekubali, tena alikuwa akijifunza ubatizo. Kazi ilikuwa kwa baba yake. Yeye ndiye aliyeongoza matambiko ya kijiji, na padri wetu alimsema vibaya karibu kila Jumapili.

Nikajiona mwerevu. Nilikwenda kumsimulia habari ya yule kijana aliyeuzwa na ndugu zake, akapata cheo Misri, hata mfalme akampa binti wa kuhani wa huko awe mkewe. Nilidhani mzee atauona mfano.

Aliuona kuliko mimi.

"Huyo kuhani alibatizwa?"

"Hapana, baba."

"Aliacha miungu yake?"

"Haikuandikwa."

"Na wajukuu?"

"Wakawa makabila mawili ya watu wa Mungu."

Akamwita mkewe. "Mama, kuja usikie! Iko muzee mwenzangu ndani ya kitabu cha padri, na hakuna mutu anamutukana!" Kisha akanigeukia. "Binti nitakupa. Lakini yule kijana alisemewa na mufalme. Wewe mufalme wako ni nani?"

Kwetu mchumba hajisemei. Nilikuwa nimemwandaa baba mdogo.

"Huyo hapana," mzee akasema. "Lete padri."

Nilirudi misioni nikamweleza padri yote. Padri aliuliza ni nani aliyenifundisha habari ile. Nikamjibu kwamba ni yeye.

Alikuja kwa baiskeli. Msemaji wa mchumba hukalia kigoda kifupi, ameshika kuku mkononi, na wanawake wa upande wa binti humtania mpaka wachoke.

"Na muke wake iko wapi?"

"Hana!"

"Hana? Basi anakuja kutuambia nini juu ya ndoa?"

Padri akawa mwekundu kama mawese, lakini aliniombea binti vizuri, akamwita mzee "baba mukwe" mara tatu. Jumapili iliyofuata alihubiri juu ya upole.

Mzee hakubatizwa hadi kufa kwake, nami namwombea hata leo. Lakini mjukuu wake wa kwanza alipopewa upadri, mzee alikuwa hai bado, ameketi benchi la mbele.

"Hii kazi iko ya kwetu," aliwaambia jirani zake. "Imepitia tu kwa binti."

Nilimshukuru Mungu kwa yote.