Meli Mbili za Bi Pasi

Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Bi Pasi, na aliyempa jina hilo hajulikani mpaka leo, ingawa fundi viatu wa mlango wa pili anadai ni yeye. Alikuwa mjane, mnene wa kiasi, mwenye mikono mikavu yenye nguvu. Kibanda chake cha kufua na kupiga pasi kilikuwa pale kona, meza ndefu imetandikwa blanketi kuukuu, nguo za watu zimening'inia mpaka mlangoni, na harufu ya sabuni imekwisha kuingia hadi kwenye mbao. Kila kijana aliyepita mlango ule aliitwa mwanangu. Wa shati lenye kola nyeusi ti, mwanangu. Wa kudai shuka lake halijakauka, mwanangu. Hata yule mkaguzi wa leseni aliyeingia na uso wa kazi aliitwa mwanangu, akajikuta anaondoka na koti lake limenyooshwa na maneno ya leseni ameyasahau. Lilikuwa neno lake la dukani, likimtoka bila yeye kujua. Binti wa kumzaa mwenyewe, kitinda mimba wake, hakuitwa hivyo. Huyo alikuwa Mdogo, na akichelewa kuitika alikuwa We Mdogo.

Na huyo Mdogo ndiye aliyemfanya mama yake mjuzi wa meli. Kazi yake ilikuwa kusafisha vyumba kwenye zile meli kubwa za starehe zinazozunguka bandari hadi bandari, ambazo abiria wake hawana wanakokwenda, wamepanda tu wale, walale na watazame maji. Kampuni hizi zina utaratibu mmoja mzuri: mfanyakazi akiwa kazini, mzazi wake huweza kusafiri wiki moja kwa bei ya kutupa, akalala na kula kama abiria mwingine yeyote. Kwa hiyo Bi Pasi, ambaye kabla ya hapo hata kulala kwenye basi hakuwahi, alikuwa amepanda meli mbili za kampuni mbili. Kama ulikuwa na haraka na nguo zako, usimuulize habari za meli.

Maana ukimuuliza, pasi inawekwa wima na kazi imesimama. Alikuwa anazilinganisha meli zile kama mwenye hisa. Ile kubwa, anasema, mtu unapotea humo mchana kweupe. Lifti za kioo, bwawa juu ya paa, chakula hakikatiki asubuhi wala jioni, na imetulia hata ukiweka glasi ya maji ukingoni haimwagiki. Lakini foleni, jamani, foleni! Foleni ya mayai, foleni ya lifti, foleni ya kushuka bandarini. Na kiti cha juani ukikiacha uende msalani, ukirudi kina mtu, tena amevua viatu. Ile ndogo sasa, hiyo ilikuwa kuukuu na inalia viungo. Maji ya moto ya kuyabembeleza bombani, supu moja inabadilishwa jina kila siku, na bahari ikichafuka kila mtu anakumbatia ukuta. Alitapika mpaka akaanza kuaga watu moyoni. Lakini ilipenya bandari ndogo ndogo ambazo ile kubwa haingii, na mhudumu akikuletea chai mara moja tu, kesho yake anajua sukari yako.

Kwenye mashuka hakukuwa na wa kubishana naye. Ya meli kubwa yamepita kwenye mashine, yamenyooka lakini hayana roho. Ya meli ndogo yalikunjwa kwa mkono, pembe kwa pembe, kama mtu anavyotandika kitanda cha mgonjwa wake. Fundi viatu, ambaye chombo pekee cha majini alichowahi kukigusa ni beseni, alikuwa upande wa meli kubwa siku zote kwa sababu ya ule mtelezo wa maji unaoshuka bwawani. Alisema mtu apande meli yenye mtelezo halafu asiteleze, huko ni kujidhulumu. Bi Pasi alimjibu kwamba kwa zile suruali anazoleta kutiwa viraka, angefika chini yeye peke yake, suruali ingebaki juu.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakulisimulia. Kwenye meli kubwa kulikuwa na sheria: mfanyakazi haketi na abiria, hamkumbatii, na hamuiti kwa jina lingine lolote ila mgeni wetu, hata akiwa nani wake. Mdogo alikuwa amemweleza mapema kwa simu, na yeye akasema haya, sheria ni sheria. Lakini kuelezwa ni kimoja, kuona ni kingine. Siku ile ya kwanza alipotokeza kwenye ujia, Mdogo alikuwa amesimama na mkokoteni wake wa mataulo, sare imemkaa vizuri, na nyuma yake msimamizi mwenye miwani akiangalia kila kitu.

"Karibu, mgeni wetu," Mdogo akasema, macho yake kwenye zulia.

Bi Pasi alipita kando ya mkokoteni. Akaingia chumbani, akafunga mlango, akakaa kitandani na viatu vyake. Alikuwa amembeba mtoto yule mgongoni akifua nguo za watu, amemnyonyesha huku pasi inapoa, na leo anaitwa mgeni. Iliuma, na iliendelea kuuma wiki nzima, kila walipopishana kwenye ujia ule na kila mtu akaenda zake. Aliporudi nyumbani, watu wakasimuliwa lifti za kioo.

Kwenye meli ndogo mambo yalikuwa mengine kabisa. Kule sheria zilikuwepo lakini hakuna aliyezishika kwa mikono miwili. Msimamizi wa kule, mtu mzima mwenye huruma, alimwambia Mdogo avue aproni akakae na mama yake mezani, na toka siku hiyo kila mchana wakala pamoja ile supu ya majina mengi. Mara nyingine Mdogo alisinzia kijiko kikiwa mkononi, na Bi Pasi akacheka sana, akawaambia watu wa meza ya pili kwamba huyu tangu utotoni chakula humlaza. Safari hiyo alirudi ameng'ara, mtaa mzima ukaona.

Basi mwaka huo Mdogo alikuwa nyumbani kwa likizo, mikataba yake yote imekwisha, na kampuni zote mbili zinamtaka. Mkataba wa safari hii ulikuwa wa miaka. Jibu lilitakiwa kabla ya wiki kuisha. Mishahara haikupishana kiasi cha kugombaniwa, kwa hiyo Mdogo alimgeukia mama yake wakila, akamwambia yeye ndiye amepanda zote mbili, aseme ni ipi.

Bi Pasi alisema atafikiri. Uongo, hakuwa na la kufikiri. Kama ni kufuata moyo wake, angemwambia asiende popote, abaki hapa wapige pasi wote wawili. Lakini alijua kibanda kile hakitoshi watu wawili, na alijua pia kwamba Mdogo anaipenda kazi yake na anaijua. Kama ni lazima aende, basi aende kule ambako mama mtu anakaa meza moja na mwanawe. Jibu lilikuwa tayari, meli ndogo, na alikuwa analichelewesha kidogo tu ili lisionekane limetoka haraka. Fundi viatu alipopenyeza kichwa kuulizia habari za mtelezo, alifukuzwa.

Siku iliyofuata waliletewa mashuka ya nyumba ya wageni, makubwa, ya vitanda vipana. Shuka la namna ile halikunjwi na mtu mmoja. Mmoja anashika pembe mbili huku, mwingine mbili kule, mnalivuta likalia pwaa, halafu mnaendeana mpaka mikono inakutana, mmoja anapokea na mwingine anainama kuokota mkunjo wa chini. Mdogo alijifunzia kazi hiyo palepale tangu alipokuwa hafiki mezani. Walikunja la kwanza wakipiga soga. Kwenye la pili, mikono ilipokutana, Bi Pasi hakuliachia shuka.

"Lete mkono."

Mdogo akasema ni baridi tu, ngozi imekauka, akataka kurudi nyuma na pembe zake. Mama yake alishika. Kwenye viungo vya vidole ngozi ilikuwa imepasuka na kuungana na kupasuka tena, na kiganja kimekuwa chekundu kama kilichounguzwa. Bi Pasi amefua maisha yake yote, mikono iliyoliwa na sabuni anaijua. Hii haikuwa sabuni.

Ikabidi isemwe. Mdogo aliisema huku anatazama shuka, bila kulalamika, jinsi mtu anavyoeleza njia. Kwenye meli ndogo glovu zilikwisha mwanzoni mwa mkataba na hazikuletwa nyingine, kwa hiyo vyoo vilisuguliwa kwa mikono mitupu na ile dawa kali. Watu walikuwa wachache, kila mmoja akifanya kazi ya wawili. Msimamizi wao ni mtu mwema, lakini wema wake hauleti glovu.

Bi Pasi akauliza swali ambalo hakuwa ameliuliza hata mara moja kwa safari zote mbili.

"Na wewe ulikuwa unalala wapi?"

"Chini, mama. Karibu na injini. Tulikuwa wanne, na joto lenyewe ndilo hilo."

"Na ile saa tuliyokuwa tunakula?"

Mdogo alicheka kidogo, akavuta pembe zake kana kwamba wanaendelea na kazi. Alipoona mama yake havuti, akasema, "Ilikuwa saa yangu ya kulala."

Bi Pasi alikaa juu ya furushi la nguo za watu, jambo ambalo wewe angekukataza kulifanya. Alikiona kile kijiko. Alijisikia mwenyewe akicheka na kuwaambia watu wa meza ya pili. Ikamchoma, wala haikumchoma kidogo.

Akataka kujua habari za meli kubwa. Mdogo akaeleza kwamba kule walilala wawili, kila mtu na pazia lake na taa yake. Glovu mpaka uzichoke, daktari yupo, na zamu ikiisha imeisha, hakuna anayekugongea mlango.

"Sasa ulikuwa unaniuliza nini, We Mdogo, kama unayajua yote haya?"

"Nilijua uliipenda ile ndogo," Mdogo akasema. "Kule tulikuwa tunakaa pamoja. Nikasema ukiitaka, nitarudi."

Hapo Bi Pasi alilia, akajifuta na foronya ya nyumba ya wageni, ambayo baadaye ilibidi ifuliwe upya. Toka arudi kutoka safari ya pili alikuwa hafanyi lingine ila kuzipima meli hizi mbele ya mtaa mzima, mayai kwa mayai, lifti kwa lifti, hata mikunjo ya mashuka. Sakafu ambako mtoto wake analala hakuwa ameipima.

"Nilikuwa mgeni kweli," alisema. Kisha akasimama, akaokota pembe zake za shuka. "Saini ile kubwa."

"Kule sheria ni ileile, mama. Nitakuita mgeni."

"Niite. Mimi na jina gani lisilonifaa? Hapa naitwa Pasi."

Wakalivuta shuka, likalia, wakaendeana.

Mwaka uliofuata tiketi ya mzazi ilipokuja, Bi Pasi alifunga kibanda, akamwachia fundi viatu funguo na maonyo, akaenda. Lakini safari hii alikuwa na lake kichwani. Alianza palepale kwenye ngazi ya kupandia. Kijana aliyempokea begi, ahsante mwanangu. Binti aliyemkagulia tiketi, ahsante mwanangu. Wa lifti, mwanangu, wa kumwelekeza njia, mwanangu, na baharia mmoja mwenye ndevu za watu wawili aliyekuwa anapita tu na shughuli zake, mwanangu naye. Yule msimamizi mwenye miwani, ambaye alimsindikiza na abiria wengine kuwaonyesha vyumba, alikwisha kulipata neno hilo mara kadhaa kabla hawajafika kwenye ujia, na mara ya mwisho alirekebisha miwani yake akatabasamu. Abiria mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba bibi huyu ana watoto wengi.

Mdogo alikuwa amesimama pale na mkokoteni wake wa mataulo, glovu zimekunjwa mfukoni, sare imenyooka.

"Karibu, mgeni wetu," akasema, macho kwenye zulia.

"Ahsante, mwanangu," Bi Pasi akasema.

Msimamizi hakugeuka hata kidogo, alikuwa anawahesabia abiria wengine funguo zao. Kwa wote aliowaambia toka kwenye ngazi lilikuwa neno la dukani. Mdogo, ambaye maisha yake yote lilimpita likaenda kwa watu wa mashati machafu, aliinua macho, kisha akawahi kuinama kuchukua taulo. Mama yake alilipokea kwa mikono miwili, taratibu, apate kuvishika vidole vile japo kidogo. Vilikuwa vimepona. Akaingia chumbani, akaketi kitandani akisikiliza mkokoteni ukisukumwa chumba kwa chumba, na safari hii mlango hakuufunga.