Jinsi Kariakoo tulivyogeuza ziara ya bendi mbili za rock kuwa mpambano

Wakuu salaam, na ninyi mnaosoma kimyakimya bila kukomenti nawaona pia.

Haya yalinikuta mimi mwenyewe. Nikitia chumvi, mashahidi wangu bado wanauza vitambaa Kariakoo, na wana midomo kunishinda.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, bidhaa zimeanza kumwagika mjini. Mama yangu, Mchaga wa Machame, alikuwa na duka la kanga na vitenge Kariakoo. Mimi nimemaliza shule, nasaidia kuuza.

Ng'ambo ya barabara, tunatazamana uso kwa uso, kulikuwa na duka la kanga za jumla la baba yake Bhavna. Wao ni Wahindu, wanakaa Upanga. Bhavna ndiye alikuwa shoga yangu wa kufa na kuzikana.

Kilichotuunganisha ni kaseti. Wenzetu wote walikuwa na taarabu na dansi, sisi tukaangukia rock. Tena rock yenye mwanamke mbele.

Mimi nilikuwa wa Red Kettles wa Zimbabwe, ambao mtaani tuliwaita Mabirika. Mwimbaji wao Tsitsi alikuwa na sauti ya mtu anayemdai fundi cherehani nguo yake. Bhavna alikuwa wa Paka Shume wa Nairobi, mwimbaji wao Akinyi. Tuliazimana kaseti mpaka utepe unatoka nje.

Sasa sikilizeni. Bhavna alikuwa ameposwa Uingereza. Ndege ilishajulikana, zilibaki wiki tano. Nilikuwa naenda kulia stoo, nikitoka nasingizia vumbi la vitenge.

Wiki hiyohiyo matangazo yakabandikwa mjini: Mabirika na Paka Shume, ziara ya pamoja, Jumapili alasiri, wiki tatu mbele, ukumbi mmoja pale Upanga.

Mtu mwenye akili timamu angesema Mungu mkubwa, shoga yangu hajaondoka na bendi zetu zote mbili zinakuja.

Sisi tuliulizana: nani atamfunika mwenzake?

Msitucheke. Tumelelewa kwenye taarabu sisi. Ukiambiwa wanawake wawili wanapanda jukwaa moja, unajua kuna bifu, kuna mipasho, na mmoja atarudi kwao na aibu. Hayo maneno "ziara ya pamoja" tuliyaona ni adabu za mwenye ukumbi tu.

Bhavna akasema Tsitsi haimbi, anapiga kelele. Nikamjibu Akinyi anaimba kama amelazimishwa. Tukaachana hapo, kila mtu amevimba.

Kesho yake asubuhi nikatundika kanga mbele ya duka, imeelekea kwake: HASIDI HANA SABABU.

Haikupita robo saa, ng'ambo ikapanda: SINA SIRI NINA JIBU.

Mnajua wenyewe kanga inavyosema pale mdomo unapokataa. Tatizo ni kwamba mimi nilikuwa na duka, mwenzangu alikuwa na ghala. Kila nikitundika moja, yeye anatundika tatu. Watu wakawa wanapita asubuhi kusoma kabla ya kwenda kazini.

Mama akanijia juu. "Manka, shusha hizo kanga! Mama Hadija wa duka la pili kaninunia, anadhani namsema yeye!"

"Mama, ni mambo ya muziki tu."

"Muziki gani unaniharibia ujirani?"

Sikushusha. Kichwa kigumu kilikuwa mali yangu.

Kambi zikaundwa. Sisi Mabirika tukashona sare nyekundu, wao Paka Shume bluu. Wabeba mizigo na wauza nyanya waliingia kambini, na nusu yao hawajawahi kusikia rock hata dakika moja. Walipenda sare.

Wiki tatu sijaongea na Bhavna. Namwona pale ng'ambo anakunja kanga, moyo unauma, lakini nitaanzaje?

Jumapili ikafika. Ukumbini, nyekundu huku, bluu kule. Wakaanza Paka Shume.

Kambi yetu tulimshukia mpiga dramu wao. Tukazomea, tukasema anapiga kama anafukuza kuku shambani. Mimi ndiye nilikuwa kinara.

Wakaingia Mabirika. Nikaruka juu, nikapiga kelele, "Mnaona sasa! Huyo ndiye mpiga dramu, siyo yule wenu!"

Mbeba mizigo mmoja wa kambi yangu akanivuta shati. "Dada, mbona ndiye yuleyule? Kavaa kofia tu."

Nikatazama vizuri. Ndiye. Baadaye tulisikia wa Mabirika alikuwa hotelini na malaria, kwa hiyo wenzao wakawaazima wa kwao.

Hapo ndipo nilipopaswa kukaa chini. Sikukaa.

Mwishoni Tsitsi na Akinyi wakatoka pamoja kuimba wimbo mmoja, kipaza sauti kimoja. Nikasema huu ndio wakati wa kutunza. Kwetu mwimbaji akikukuna, unapanda unamtunza kwa pesa au kanga, na mimi nilikuwa na kanga yangu mpya ya HASIDI HANA SABABU. Nikapanda jukwaani nacheza. Mpiga gitaa akarudi nyuma kwa hofu, maskini, kwao labda hawatunzani. Nikamfunika Tsitsi mabegani, halafu nikamgeukia Akinyi na kumkata jicho.

Tsitsi hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Alifurahi huyo! Akaikunjua kanga, akamvuta Akinyi, wakajifunika wote wawili.

Mnairobi akainama, akasoma. Akasimamisha muziki.

"Hasidi hana sababu," akasema kwenye kipaza sauti. "Kwani hasidi ni nani hapa? Ni mimi? Huyu mtu jana nimemsuka nywele masaa manne!"

Ukumbi mzima ulianguka kwa kicheko, nyekundu na bluu.

Nikatafuta pa kuficha uso, ndipo nikamwona Bhavna. Alikuwa amesimama kwenye ngazi za jukwaa na kanga yake mkononi, naye alikuwa anakuja kumpasha Tsitsi. Tukatazamana. Akaanza kucheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Nikaenda nikakaa naye. Kisha sijui nani alianza, tukawa tunalia, sare nyekundu na bluu zimekumbatiana, watu wanatuzunguka wanadhani tumepigana.

"Manka," akaniambia, "zimebaki wiki mbili tu."

Akaondoka kweli. Tunaongea mpaka leo kwa simu, tuko bibi wawili sasa, lakini simu haina ng'ambo ya barabara.

Nilichojifunza, wakuu, ni hiki. Nilikuwa na wiki tano za kukaa na rafiki yangu. Tatu nilizitumia kumnunia kwa niaba ya wanawake wawili waliokuwa wanasukana nywele.

Leo nawaona hapa jukwaani mnatukanana kwa ajili ya wasanii na timu, watu ambao mkishalala wao wanakula meza moja. Kama uliwahi kuwa kwenye kambi kama zile, tiririka hapa chini tucheke wote.

Ila kama kuna mtu umemnunia mpaka sasa kwa upuuzi wa namna hii, usikomenti kwanza. Mpigie.