Kituo cha Angani Nilichomwonyesha Baba

Aibu hii niliitafuta mwenyewe. Babangu macho yanamzimika, na daktari ametwambia hayatarudi. Juzi akaniambia, "Mwanangu, natamani nikione kile kituo cha angani wanachokaa watu."

Simu ilionyesha kingepita baada ya Magharibi. Nikampandisha juu ya paa la nyumba yetu ya Kuze, nikawaita na majirani, nikajifanya mjuzi. Mwanga ukatokea upande wa Tudor.

"Ndicho hicho, Baba!"

Akaukodolea macho, machozi yakamtoka. "Alhamdulillahi, nimekiona."

Nami nikawaeleza majirani kwamba chombo hicho hakina sauti. Mwanga ukazidi kushuka, ukawa taa mbili. Majirani wakainamisha nyuso.

Baba akanishika mkono. "Mwanangu," akauliza polepole, "mbona changuruma kama ndege?"