Sweta Mbili za Myamba

Mdogo wangu alipolia miguu, nyumbani Myamba jibu lilikuwa moja: baridi. Bibi alimvika sweta mbili na kumsogeza karibu na moto. Vidole vikivimba, baridi. Macho yakigeuka manjano, baridi hiyo hiyo. Nami nilikuwa mmoja wa waliomfunga vifungo, na hilo linaniuma mpaka leo.

Akili niliipatia chuoni, nikisomea maabara. Siku ya kupima selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, tulichomana vidole wenyewe kwa wenyewe. Tone langu nililichanganya na dawa, nikalifunika kwa kioo, nikasubiri. Kwenye darubini, chembe zilizotakiwa kuwa za mviringo zilikuwa zimejipinda kama mundu wa kukatia majani ya ng'ombe. Mwalimu alinituliza: mimi ni mbebaji tu, siumwi. Sikuwa nikijifikiria mimi.

Likizo nilipanda nyumbani.

"Shikamoo baba. Naomba tumpeleke mtoto Same akapimwe damu."

"Marahaba. Damu ya ukoo huu haina kasoro, mwanangu. Ukisikika unasema hivyo, wadogo zako nani atawaposa?"

Nilikasirika. Mtoto wa miaka tisa anatambaa kwenda chooni, na mzee mzima anawaza wachumba. Baridi huchochea maumivu, sikatai, lakini haizai ugonjwa wa damu. Nilipoyasema hayo mezani, nikaambiwa chuo kimenivua adabu.

Mwezi uliofuata nilikuwa mazoezini kwenye maabara moja mjini Same. Mama akaaga nyumbani kwamba anashusha tangawizi. Alimshusha mtoto. Jua la saa sita lilikuwa kali, naye aliingia amevaa sweta zake zote mbili. Nilimtoa damu mwenyewe. Kipimo cha kwanza kilionyesha selimundu, cha pili kikathibitisha kwamba anaumwa kweli. Miaka yote hiyo tulimwotesha moto, na jibu lilikuwa kwenye tone moja.

Nilimpigia baba. Hakuuliza dawa gani. Aliuliza ugonjwa umetoka upande wa nani.

"Pande zote mbili, baba. Asingepokea kwako na kwa mama, asingeugua hivi."

Kisha akauliza kama kuna mtu mwingine ameshasikia.

Kwa mara ya kwanza maishani nilimkatia baba simu. Mdogo wangu alikuwa bado kwenye benchi, jasho linamtiririka, ananitazama.

"Dada," akasema, "kama si baridi, naweza kuvua?"